Ngoro Niliyoiandika Kabla ya Kuichimba

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Ngumbo nikiwa nimevaa viatu vyeupe. Nayasema mapema ili mcheke sasa, maana mkianza kucheka baadaye mtanikatiza. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, stashahada yangu nimeibeba kwenye bahasha kubwa kama barua ya Askofu, na Bwana Shamba wa Wilaya mwenyewe alinileta kwa Landrova kutoka Mbinga mjini. Tulishuka milima hadi Ziwa Nyasa likaonekana kule chini, tukashuka tena hadi joto likatupiga usoni. Akasimamisha gari mbele ya nyumba ndogo ya bati, akateremsha baiskeli iliyofungwa nyuma.

"Bibi Shamba, ofisi yako hii hapa," akasema, akigonga tandiko la ile baiskeli.

"Na mafaili nitaweka wapi, mzee?"

"Kichwani. Kikijaa, njoo Mbinga unimwagie."

Akaondoka. Kesho yake viatu vyeupe vilikwama kwenye jaruba la mpunga, na huo ukawa mwisho wao.

Siku hizo Ngumbo ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Mbinga. Chakula cha watu wa mwambao kilikuwa samaki na muhogo, na muhogo ulikuwa umevamiwa na kidung'ata, kile kidudu chenye unga mweupe kinachokaa kwenye ncha ya mmea na kuufanya udumae. Kazi yangu ilikuwa kupita shamba kwa shamba, kuhesabu ncha zilizodumaa, kisha kuachia nyigu wadogo tulioletewa kwenye vichupa, ambao hutaga mayai ndani ya kidung'ata na kummaliza. Wazee walinitazama wakasema binti huyu ametoka milimani kuja kutufugia nzi. Msimu wa pili muhogo ulipochipua vizuri, walewale wakaanza kunisimamisha njiani: "Bibi Shamba, vile vichupa vimebaki?"

Bwana Shamba wa Wilaya alikuwa mkali, lakini kazi aliijua. Alikuwa na kanuni moja tu ya ripoti: "Andika ulichokiona, siku uliyokiona. Ya kesho yake ni hadithi." Niliifuata kwa muhogo. Ripoti zangu zilisifiwa mpaka mkoani. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba ni hodari, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Mimi ni Mmatengo wa Mkumbi. Asiyejua nchi yetu nitamweleza kwa kifupi: ni milima mitupu, na miteremko mingine ukisimama shambani unaweza kuegemea ardhi bila kuinama. Hata hivyo watu wamelima hapo tangu mababu na udongo haujaisha, kwa sababu ya ngoro. Shamba la ngoro ukilitazama kwa mbali utaona vishimo vya mraba, vimepangana mlima mzima kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayateremki. Yanaingia kwenye vishimo, yanatulia, yanazama polepole, na udongo yaliobeba unabaki palepale. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta yanayozunguka kila shimo.

Sasa sikilizeni siri yangu. Nilikuwa sijawahi kutengeneza hata ngoro moja. Kazi hiyo hufanyika Februari na Machi, na mimi tangu darasa la tano nilikuwa bweni kwa masista. Likizo zetu zilikuwa Juni na Desemba. Nikija Desemba nakuta mahindi yameota juu ya ngoro za zamani, nikija Juni nakuta maharage yamevunwa. Hakuna aliyeniuliza kama naijua ile kazi, kwa kuwa nani amuulize mtoto wa Mmatengo swali kama hilo? Na mimi sikusema.

Mwaka wa nne nikiwa Ngumbo ilikuja nafasi ya kwenda Uingereza kusomea shahada ya hifadhi ya udongo. Tuliitwa kwenye usaili. Mmoja wa wasaili akaniuliza, "Unatoka Mbinga. Hii ngoro tunayoisikia, unaifahamu?"

"Nimezaliwa ndani yake," nikajibu.

Uongo haukuwemo katika maneno hayo, ila ulikuwa umejificha nyuma yake. Nafasi nikapata.

Bwana wee! Walinipeleka kusomea mmomonyoko kwenye nchi isiyo na kilima. Upande ule wa mashariki wa Uingereza ni tambarare, unaona kanisa la kijiji cha tatu. Shida yao wao ni kuyatoa maji shambani, wanachimba mitaro mirefu iliyonyooka. Shida yetu sisi ni kuyazuia. Wiki za mwanzo nililia kwa baridi, nililia kwa viazi visivyo na chumvi, nililia kwa kuwa hakuna aliyenisalimia njiani. Unapishana na mtu asubuhi, uso kwa uso, na anapita kimya kama vile wewe ni mti. Kwetu mtu akikupita hivyo, unarudi nyumbani kujiuliza umemkosea nini.

Lakini nilikua. Nilijifunza kuamka bila kengele ya sista, kupanga wiki yangu mwenyewe, kumwambia mtu hapana bila kuzunguka mbuyu. Na jambo moja lilinishangaza kuliko theluji. Darasani kulikuwa na mama wa makamo aliyerudi kusoma baada ya kulea watoto. Profesa akamuuliza swali, naye akajibu waziwazi, "Sijui." Darasa halikucheka. Profesa akaandika swali ubaoni, akasema, "Vizuri, tuanzie hapo." Mimi nilikuwa nimesoma miaka yote kwa kuogopa neno hilo. Nililipenda, ila nililipenda kwa mdomo wa mwenzangu. Kwangu lilikuwa bado halijafika.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi aliandika tasnifu, ndiyo andiko la utafiti ambalo bila kupita huhitimu. Mimi bila kufikiri mara mbili nikachagua ngoro. Nani mwingine pale angeijua? Niliandika kurasa nyingi, kwa michoro na vipimo nilivyovipata katika vitabu vya maktaba, na penye pengo nikajaza kwa macho yangu ya utotoni. Nilieleza kwamba mkulima huchimba shimo la mraba, kisha hurundika udongo wake pembeni kufanya tuta. Jambo rahisi. Mtoto mdogo angeliandika.

Profesa wangu alikuwa mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, baba yake alikuwa mkulima wa ngano. Siku ya kujieleza mbele ya watahini wawili, yeye na mwenzake, nilivaa kitenge changu kizuri. Nikaingia, nikakuta mezani sanduku la mbao lililojaa udongo, limeinuliwa upande mmoja kuwa mteremko. Kando yake kopo la kumwagilia maua.

"Bi Kapinga," akasema, "tutengenezee ngoro mbili tatu, ndogo, tuone."

Nilikunja mikono ya gauni. Nikachimba vishimo kwa kijiko, nikarundika udongo pembeni, nikaukandamiza vizuri. Ukavutia. Profesa akachukua lile kopo, akamwagilia kwa juu, taratibu, kama mvua ya kawaida tu. Tuta la kwanza likalowa, likalegea, likaangukia la pili. La pili likaangukia la tatu. Maji ya matope yakashuka hadi kwenye zulia la watu.

Profesa akafuta viatu vyake.

"Kama hivi ndivyo wanavyofanya," akasema, "watu wenu wangekuwa wamekufa njaa zamani. Nao hawakufa. Basi kuna kitu hakimo humu." Akaniangalia. "Umetengeneza ngoro ngapi kwa mikono yako?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye lile zulia.

"Hata moja," nikasema.

"Ahsante. Hilo ndilo jambo la kwanza leo ambalo umeliona wewe mwenyewe."

Tasnifu ikarudishwa. Watahini wakaamua niende nyumbani, nifanye kazi hiyo msimu mmoja, niandike upya, nirudi. Wafadhili wakakubali mwaka mmoja tu, na wakasema wazi kwamba nikishindwa narejea kazini bila shahada. Mahafali ya wenzangu niliyatazama nikiwa kwenye viti vya wageni. Walipita mmoja mmoja na majoho yao, na yule mama wa "sijui" alipopeana mkono na mkuu wa chuo nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Kisha nikaenda chooni nikalia. Sikulia kidogo.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mkumbi walikuwa wananisubiri msomi. Mama alikuwa ameshaongea na Padre, misa ya shukrani imepangwa Jumapili, ngoma ya mganda imealikwa. Mimi nafika Alhamisi na sanduku lisilo na joho.

Kwetu kuna kitu kinaitwa sengu. Ni kikao cha ukoo, watu wanakula pamoja kwa mkuu wa ukoo, anayeitwa bambo, na hapo ndipo mambo husemwa na kumalizwa. Bambo wetu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba. Jumamosi chakula kilipoondolewa, nikasimama.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kusema kwamba sijahitimu."

Mama alikuwa ameshika bakuli la maji ya kunawa. Hakuliweka chini.

"Umefukuzwa?" bambo akauliza.

"Hapana, baba mkubwa. Nimerudishwa. Niliandika habari za ngoro, na nilikosea."

"Ngoro?" Mzee aligeuka kuwatazama wengine. "Hii hii ngoro?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenea kikao kizima. Loo, walicheka! Wengine walishika mbavu. Mtu amevuka bahari, ameshindwa mtihani wa ngoro! Bambo akafuta machozi, akainua mkono watu wakatulia. "Misa ibaki," akasema. "Tumshukuru Mungu kwamba umerudi mzima. Shahada tutaishukuru ikifika. Na wewe binti, ukiona vyaelea, vimeundwa. Muulize aliyeviunda."

Mama hakuwa amecheka. Asubuhi nilimkuta akinyweshea miche ya kahawa, nikachuchumaa pembeni yake.

"Miaka mitatu umeniandikia barua," akasema bila kuinua uso. Alisema Kimatengo, mimi nawaandikia Kiswahili. "Padre alinisomea zote. Umeniuliza afya, umeniuliza kahawa, umeniuliza hata mbuzi. Mbona kazi yangu hukuniuliza?"

Nilijiona mdogo kuliko ile miche. Kule ng'ambo nilikuwa nimepekua vitabu vya watu waliokaa kwetu miezi michache, na aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote nikamuuliza hali ya mbuzi.

"Naomba unifundishe, mama."

"Februari," akasema. Basi.

Februari ilipofika akanipa fyekeo kwanza, siyo jembe. Zamani kufyeka na kupanga majani ilikuwa kazi ya wanaume, na kufukia kwa udongo kazi ya wanawake. Mama tangu abaki mjane alizifanya zote. Tulifyeka nyasi kwenye shamba lililopumzika miaka mingi hadi mashimo ya zamani yakafutika, tukaziacha zilale zikauke. Kisha tukazikusanya kwa mistari, mistari ya kupanda mlima na mistari ya kuukata, ikapishana, mlima mzima ukawa na miraba ya nyasi na hakuna shimo hata moja. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba katikati ya mraba.

"Weee! Unatafuta nini humo?"

"Nachimba shimo, mama."

"Nani amekwambia tunahitaji shimo? Tunahitaji udongo wa kufunika nyasi. Shimo litakuja lenyewe."

Ndugu zanguni, hapo ndipo nilipoelewa zulia la Profesa. Nyasi ndiyo mwanzo. Unachota udongo wa katikati ya mraba na kuufunika juu ya mistari ya nyasi, unamwaga maharage, unafunika tena. Nyasi inalishika tuta lisiporomoke, na ikioza inakuwa mbolea. Shimo ni kile kilichobaki baada ya kazi. Mimi nilikuwa nimeandika kazi nzima kuanzia mwisho wake.

Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Mgongo sisemi. Upande wangu wa juu nilikuwa nimebania nyasi, nikiona udongo mwingi unatosha. Machi mvua kubwa ikapiga tangu mchana hadi jioni. Kulipokucha, ngoro zote za mama zilikuwa zimejaa maji, zimetulia kama mabakuli mezani. Zangu nane za juu zilikuwa zimepasuka na kuangukia za chini yake. Mama akapita kila moja na fimbo, akazigusa, akasema, "Nane. Wewe umesoma, hesabu mwenyewe nyasi uliyoibania." Tukazirudishia siku ileile, mvua ikitunyeshea.

Nilirudi Uingereza Mei na andiko jipya. Lile sanduku la udongo lilikuwa palepale. Niliomba nyasi, wakanipa za bustanini. Profesa alimimina kopo la kwanza, akamimina la pili, akaenda kujaza la tatu mwenyewe, na matuta yangu yalisimama. Julai nikavaa joho. Nilipeana mkono na mkuu wa chuo kwa kiganja kigumu mpaka akakitazama. Siwezi kuwaficha, nilifurahi sana, nilitembea kwenye lile jukwaa kama ni la baba yangu.

Agosti nikarudi, misa ya pili ikasomwa, mganda ukachezwa. Wiki ileile mama akasema, "Nisomee hicho kitabu chako." Tukakaa barazani, nikamsomea kwa Kimatengo, ukurasa baada ya ukurasa, mchana kutwa. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nilifika karibu na mwisho, pale nilipoeleza kwamba baada ya maharage na mahindi, shamba likishapumzika, mkulima huzifukua upya ngoro mahali palepale zilipokuwa.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Rudia."

Nikarudia.

"Sivyo. Unapopanga nyasi upya, mistari inahama. Shimo jipya linakaa palipokuwa na matuta, na tuta linakaa palipokuwa na shimo. Pale kwenye shimo ndipo udongo mzuri umejikusanya. Ukirudia palepale, unalima udongo uliochoka."

Nilikuwa nimefanya msimu mmoja tu. Mzunguko wa pili sikuuona. Nilikisia, nikaandika kwa sauti ileile ya kujiamini, na watahini wote wakapitisha. Kosa lilelile lililonirudisha nyumbani nilikuwa nimelirudia, na safari hii nilikuwa nimelivalia joho.

"Basi nitawaandikia leo," nikasema. "Nitawaambia ulivyosema."

"Umeiona?"

"Hapana, lakini wewe umesema."

"Kwa hiyo unataka kuandika tena usichokifanya?" Akaendelea na maharage yake. "Shamba hili halitageuzwa msimu ujao, ila ule utakaoufuata. Subiri."

Ningeweza kusubiri kwa amani, kama si Bwana Shamba wa Wilaya. Aliniita Mbinga mjini, akanipokea kwa furaha, akaniambia kwamba tasnifu yangu itafanywa mwongozo wa maafisa ugani wote, yaani wale wanaokaa vijijini na wakulima. Ulikuwa uende kupigwa chapa mwezi huohuo. Nami ningepewa dawati la hifadhi ya udongo la wilaya.

"Mzee, naomba usubiri," nikasema. "Kuna ukurasa mmoja una kosa."

"Chuo kimepitisha?"

"Kimepitisha."

"Sasa wewe ni nani wa kukataa?"

"Mimi ndiye niliyeandika, mzee. Na sehemu hiyo sikuiona. Uliniambia mwenyewe kwamba nikiandika nisichokiona ni hadithi."

Akaniambia, na hakuwa anatania, kwamba mtu anayetilia shaka shahada yake mwenyewe asishangae wengine wakiitilia shaka. Kwamba chuo kikijua kinaweza kuifuta. Nilijua hilo. Nilikuwa nimeliwaza kila siku tangu barazani kwa mama. Mwongozo ukawekwa kando, dawati la wilaya akapewa mwingine, mimi nikapangiwa Matiri, kata ya kahawa na mahindi, kwa baiskeli nyingine. Maneno yakaenea: eti shahada ya yule dada ina walakini.

Nilifanya kazi Matiri kwa hasira, na hasira ilinisaidia. Niliwafundisha watu kukata matawi ya mibuni ya kahawa, kuikinga na chulebuni, ugonjwa unaokausha kahawa ikiwa bado mbichi, kuanika kwenye vichanja badala ya chini. Wakulima hawakuniuliza shahada. Waliniuliza kahawa. Lakini kila nilipoandika jina langu na kile cheo cha msomi mbele yake, moyo ulinisuta.

Msimu ukafika. Mama alikuwa amedhoofika miguu, akaketi kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, amejifunika shuka. Nilichukua likizo. Nilifyeka peke yangu, nikapanga nyasi peke yangu, mistari ikapita katikati ya mashimo ya zamani. Nilipochimbua kidogo ndani ya mashimo hayo, nilikuta udongo ni mweusi, laini, umejaa majani yaliyooza tuliyokuwa tukitupa humo wakati wa kupalilia mahindi. Pale penye matuta ya zamani, nilipochota wa kufunika nyasi, ulikuwa mwekundu, mkavu. Nilisimama nikiwa nimeshika udongo mweusi mkono mmoja na mwekundu mkono mwingine. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nilimaliza kwa siku nyingi. Mvua kubwa ilipopita, mama akaomba nimshike mkono. Tulipita ngoro zote, yeye na fimbo yake, moja baada ya nyingine, juu hadi chini. Hakuna iliyopasuka. Tulipofika mwisho akageuka kutazama mlima.

"Haya," akasema. "Sasa kaandike."

Nikamwandikia Profesa. Sikujitetea. Nilisema ukurasa ule una kosa, kosa hili hapa, nimelijua kwa mama yangu na nimelithibitisha kwa mikono yangu, na mkiona shahada irudi, nitairudisha kwa posta. Nakala nikampelekea Bwana Shamba wa Wilaya, ili asije akasikia kwa watu. Miezi ikapita. Nilipungua mwili.

Jibu lilipofika lilikuwa fupi. Shahada inabaki kuwa yangu. Barua yangu imebandikwa kwenye ukurasa ule katika nakala ya maktaba, ili kila atakayesoma aione. Na chini, kwa mkono wake, Profesa aliongeza kwamba nimsalimie mama, nimwambie watahini wa tasnifu hiyo sasa wametimia watatu.

Bwana Shamba wa Wilaya aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Akaikunja, akanirudishia, akasema, "Lete huo mwongozo." Ukapigwa chapa ukiwa sahihi. Mwaka uliofuata nikarudishwa Mbinga mjini, na baadaye, yeye alipostaafu, kiti chake nikakikalia mimi. Niliwafundisha kazi vijana wengi kutoka mikoa mingi. Wapo waliokuja na shahada za ng'ambo kubwa kuliko yangu. Niliwapokea vizuri, nikawapa baiskeli, siku hizi pikipiki, na sikumruhusu hata mmoja kuandika mstari wa ngoro kabla ya kutoka malengelenge. Wengine waliniita mkoloni. Poa tu.

Sasa nimestaafu. Ninaamka nikitaka, nachuma kahawa yangu, na mkiniuliza kama ningeenda tena ng'ambo nitawajibu ningeenda leo, hata kwa viatu vyeupe. Kule ndiko nilikojifunza kusema sijui, na neno hilo limenilisha hadi uzee. Nendeni, someni, vaeni majoho, msiogope. Ila kabla hamjaandika, jiulizeni mlichokiona.

Mama ametangulia mbele ya haki, na shamba lake nalilima mimi. Barua ile ya Profesa ndiyo ya mwisho niliyomsomea akiwa na nguvu ya kukaa barazani. Nilimtafsiria yote, taratibu, hadi pale pa watahini watatu.

"Hao wawili wengine," akauliza, "wenyewe wamewahi kuchimba?"

"Hapana, mama."

"Basi waandikie waje. Majembe yapo."